Springi ya Kwenye Kopo la Biskuti

Jamani, leo nimeshindwa na springi yangu mwenyewe, na bado natembea kifua mbele!

Mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola, klabuni kwetu mjini Blaine. Wiki nzima nilikuwa naitengeneza yangu. Nikaiwekea springi laini, ili bastola isiruke sana mkononi nikifyatua.

Ile ya zamani nikaitia kwenye kopo la biskuti. Mimi situpi spea, nimerithi kwa baba fundi.

Kaka Hamisi wa mji wa Woodbury, bingwa wa klabu yetu, hunicheka kila wiki: "Dada, hilo kopo ni jalala?"

Basi leo, dakika chache kabla ya zamu yake, bastola yake ikagoma. Springi mpya aliyoagiza haikuendana nayo. Jasho likamtoka, na baridi yote hii!

Bastola zetu ni za aina moja. Nikafungua kopo. "Kaka, jaribu hii."

Ikakaa sawasawa.

Matokeo: mimi wa pili. Wa kwanza? Hamisi, na springi yangu!

Akaja na kombe lake, akaninong'oneza jambo kwa aibu.

Kwa hiyo nauliza: nani ana kopo tupu la biskuti? Bingwa anaomba.