Poda Iliyomwagwa Kabla ya Wakati

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona haya, na kama bado kuna mtu hapa Bunia hajasikia kwamba ni mimi niliyesababisha maprofesa watatu wapakwe poda, basi asikie kutoka kinywani mwangu, si kwa majirani zangu wa mtaa wa Mbunya ambao kila wakisimulia wanaongeza chumvi.

Nilikuwa namaliza masomo ya udaktari wa wanyama. Wenzangu waliandika juu ya mbuzi na kuku, watu wenye akili zao, mimi nikachagua tembo wanaofugwa kwenye bustani za wanyama huko ng'ambo (tembo ambaye sijawahi kumwona ila kwenye kitenge cha Tantine Kavira, mdogo wa mama yangu), kwa sababu nilisoma kwamba kuna virusi ambavyo tembo wazima wanaishi navyo bila shida, lakini vikimshika mtoto wa miaka michache vinaweza kumuua kwa siku moja tu, na mama yake alimbeba tumboni karibu miaka miwili. Nilisoma hayo nikalia, nikasema kazi yangu ni hii.

Mwenyekiti wa jopo la watahini, profesa mmoja mwenye suti nyeusi isiyojua mkunjo, safari ya kwanza alinirudisha na kazi yangu. "Mademoiselle, siye batu ya Ituri tutafanya nini na tembo ya Bazungu?" Nikapoteza mwaka mzima. Safari hii nikishindwa, ndiyo basi.

Sasa kwetu mnajua, mtu akishinda défense, ile siku ya kutetea kazi yake mbele ya maprofesa, ndugu zake wanammwagia poda kichwani mpaka awe mweupe kama muhogo uliomenywa. Tatizo ni kwamba mambo yote yanaendeshwa kwa Kifaransa, na Kifaransa cha mama na Tantine kinaishia kwenye bonjour. Kwenye défense ya binamu yangu walikaa wakingoja mpaka watu wakatoka na poda yao ikarudi nyumbani, mama akanuna wiki nzima. Kwa hiyo asubuhi hiyo nikamwambia, "Mama, ukiona nimenyanyua mkono juu, ujue imeisha, mumwage." Maana nani hunyanyua mkono mbele ya maprofesa? Nilijiona mjanja kweli.

Nikaanza vizuri. Mama na Tantine (mtoto mgongoni, kopo la poda mapajani) walikaa benchi la mbele, chumba chenyewe kidogo, feni ikizunguka kwa kasi. Ndipo mwenyekiti akauliza mnyama mzito vile anatolewaje damu kila wiki bila kulazwa kwa dawa. Swali nililokuwa naliombea! Nikaeleza kwa furaha kwamba anafundishwa polepole, kwa matunda, mpaka analeta sikio mwenyewe, na akitakiwa kuinua mkonga, mtunzaji anafanya hivi, na mimi mjinga nikanyanyua mkono mpaka juu.

Kabla sijaushusha nikasikia vigelegele. Mama alikuja na kopo lake, Tantine na lake, mimi nikainama, poda ikanipita, feni ikaipokea, ikaigawa kwa jopo zima. Suti nyeusi ikawa nyeupe. Karatasi nyeupe, maji ya kunywa meupe. Mama akasimama katikati ya lile wingu akatazama nyuso za watu.

"Iko nini? Bado hatuyamaliza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha mtoto wa Tantine akapiga chafya, akapiga tena, akaanza kukohoa na kulia, yeye peke yake.

Mwenyekiti akavua miwani, macho yamebaki na viduara viwili vyeusi. "Mademoiselle, hii nayo iko mu kazi yako?"

Sijui nilitoa wapi ujasiri. "Ndiyo, Prof," nikasema. "Wakubwa wote tumeivuta na hakuna aliyeumwa. Aliyeumia ni mtoto. Virusi vya tembo viko hivyo, vinatoka mkongani kwa wakubwa wanaompenda, na huwezi kumtenga nao."

Akajipangusa kidogo, akarudi kwenye Kifaransa chake. "Basi waache kuwazalisha. Umeandika wewe mwenyewe, jike akikaa miaka mingi bila kuzaa kizazi kinakataa, na dume akihamishwa anahama na virusi vyake. Kujisumbua kwa nini?"

Nikaanza kupekua karatasi zangu zilizojaa poda. Mama akanivuta nguo. "Anasema nini?" Nikamtafsiria kwa sauti ndogo, nikitumaini atakaa. Hakukaa.

"Prof, utusamehe juu ya poda," mama akasema. "Lakini mimi nilizala batoto mu vita, mu kukimbia. Mmoja alikufa na homa juu ya kuchelewa kujua. Sikuacha kuzala. Huyu mwenye alifuata, kila saa nilimugusa kichwa." Akaninyooshea kidole. "Ni huyu hapa. Na tembo nayo, baangalie batoto yabo mapema, ni ile tu."

Sikuwa nimewahi kusikia habari ya kuguswa kichwa. Macho yakanijaa machozi na poda, lakini nikaweza kusema kwamba hiyo ndiyo sura ya mwisho ya kazi yangu: damu ya mtoto ikipimwa kila wiki, virusi vinaonekana kabla hajalala chini, dawa na damu ya tembo wakubwa vinamwahi, na baadhi yao wanapona. Na chanjo imeshaanza kujaribiwa.

Wakatutoa nje ili wajadiliane. Tulikaa kwenye ngazi, Tantine akimpangusa mtoto. Tulipoitwa tena, mwenyekiti akasoma matokeo kwa Kifaransa, halafu akamgeukia mama. "Mama, mutoto wako ameshinda. Sasa ndiyo unamwaga."

Mama akapindua kopo. Tupu. La Tantine, tupu. Basi yule profesa akazunguka meza, akanikaribia, akaukung'uta mkono wa suti yake taratibu juu ya kichwa changu.

Tangu siku ile nimeapa, sinyanyui mkono ovyo, hata kanisani nasifu mikono ikiwa mfukoni, kwa sababu mama anatembea na kopo jipya kwenye mkoba. Anasema ni la siku nitakayomletea habari kwamba chanjo imefaulu na watoto wa tembo wameacha kufa. Siku hiyo nitanyanyua mikono yote miwili.