Konokono wa Juu ya Televisheni

Mume wangu, dereva wa lori, aliwaokota Kenya katika shamba la mpunga lililokauka: konokono wakubwa kama ndimu, kila mmoja amefunga mlango wa gamba lake. Nikawapanga juu ya televisheni. Walikaa pale wiki nyingi za kiangazi, nami nikiwapangusa vumbi kama vikombe vya wageni.

Shangazi yangu wa Ggaba, kando ya ziwa, mjane wa askari, hufuga vifaranga vya samaki katika tangi la saruji nyuma ya nyumba na kuwauzia wenye mabwawa. Ndiyo riziki yake. Alipotutembelea akawapenda wale konokono.

"Nipe mimi hii magamba, naweka kwa tangi, nakuwa maridadi."

"Wachukue tu, Shangazi. Walikufa zamani."

Haukupita muda akanipigia simu akipiga kelele. "Njoo haraka! Hii maiti yako natembea!"

Nilicheka njia nzima. Kufika, nikaacha kucheka. Juu kidogo ya maji, ukuta ulikuwa umejaa vishada vya mayai vyekundu kama peremende, na konokono wangu wanapanda, milango wazi, pembe nje. Wanangu walikuwa wakiwaweka masikioni wasikie mvumo wa bahari!

Bwana samaki, afisa wa uvuvi aliyeitwa, hakutuficha kitu. Hawa ni wageni katika maji yetu, alisema. Wakiingia bwawani, mtoni au ziwani, hawatoki tena, na watatafuna magimbi na mpunga. Akamkataza Shangazi kuuza hata kifaranga kimoja, akamwambia aue kila kitu, asimwage maji mtaroni. Shangazi alilia kama aliyefiwa, lakini alitii. Maji akayaacha yakauke juani.

Nilirudi kiangazi kilipokuwa kinaisha. Tangi lilikuwa jeupe, limefagiliwa, naye anatabasamu.

"Nakauka kabisa. Konokono yote nakufa. Sasa naanza upya."

"Na tope la chini?"

"Ile? Nagawia majirani, wale nalima magimbi kule chini kwa maji. Udongo nzuri sana, nanishukuru."

Nilichungulia magimbi kule chini.

"Shangazi," nikasema, "juu ya televisheni yangu kulikuwa na maji?"

Akakaa chini palepale kwenye saruji. Kule kwenye magimbi, mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha.