Karani wa Lori Linalongoja

Kila lori likiingia, karani wa kiwanda cha chai huanza kugonga meza kwa kidole gumba. Kompyuta yake hugawa kazi ya lori hilo sehemu tatu zinazoanza kwa pamoja: uzito, ubora na hati ya usafiri. Zote tatu zisipokamilika, hakuna gunia linaloshushwa. Amemsihi meneja hadi amechoka kwamba usafiri umalizikie baadaye, majani yakiwa tayari ndani. Hujibiwa vilevile, "Wacha system ifanye kazi."

Leo uzito umepita, ubora umepita. Usafiri umekwama, maana anayeuidhinisha ameenda mazishi Bomet. Karani anatoka, anatumbukiza mkono kwenye gunia na kuutoa upesi. Majani yamepata moto, yameanza kuwa mekundu, na yakiungua lawama ni za mkulima. Sauti ya karani, ambayo siku zote haivuki dirisha, inasikika hadi getini. Analibeba gunia begani, anampita sekretari bila salamu, na kulimwaga lote juu ya kompyuta ya meneja.

"Haya, bosi. Hii chai mpe system yako ikunywe."