Upande wa Kushoto wa Shangazi

Nimechoka kuambiwa gemu inaharibu ubongo. Ameniambia baba, ameniambia mwalimu wa fizikia, ameniambia hadi mama muuza maandazi ambaye hajawahi kushika pedi ya gemu maishani mwake. Naandika haya kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu nyumbani habari imeshaanza kusimuliwa vingine, eti shangazi alipata nafuu tu mwenyewe, kwa uji na kupumzika. Uji gani?

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Ana fremu, kiduka cha kupanga cha vitenge, hapa Iringa, karibu na soko, tangu sijazaliwa. Hana mume, hana mtoto, ana ile fremu. Mwaka juzi alipata kiharusi. Alilazwa, akatoka, akaja kukaa kwetu. Mkono wa kushoto mzito, mguu unaburuta kidogo, ila mdomo ukabaki vilevile. Akarudi dukani mapema kuliko alivyoambiwa, na mimi, nimemaliza fomu foo sina cha kufanya, nikapelekwa kumsaidia.

Hapo maneno yakaanza. Wafanyabiashara wenzake, watu anaoswali nao msikiti mmoja, wakalalamika kwamba haitikii salamu. Mtu anapita anasema asalaam alaykum, shangazi kimya, anakunja kitenge. Kwa wazee wetu wale hilo si jambo dogo. Wakasema ni kiburi. Wengine wakasema ana kinyongo na mama wa duka la kanzu, maana huyo ndiye alikuwa ananyamaziwa kila siku. Duka la kanzu liko kushoto kwetu. Hakuna aliyewaza hilo, hata mimi.

Nyumbani nako alikuwa anaacha wali, mama akadhani mapishi yamemchosha. Baba akajumlisha yote akapata jibu lake: dada amechanganyikiwa, fremu iachwe, apelekwe Tanga kwa ndugu. Mtu wa kuichukua fremu alishampata.

Shangazi hakulia. Alisema, "Mkinitoa pale, mmenizika."

Baba akasema hayo ni maneno ya mgonjwa.

Sasa gemu. Ni mashine ya mtumba niliyonunua soko la Mwanjelwa nilipokuwa bweni Mbeya. Jumapili moja mchana, ukungu umetanda, shangazi amejifunika blanketi kwenye kochi, akachoka kunitazama nacheza. Akasema nimpe na yeye. Nikamwekea mashindano ya magari. Gari lake likaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kushoto. Nikalirudisha barabarani. Likaenda kushoto tena. Nikamwambia, shangazi, ukuta huo hapo.

"Ukuta gani?"

Hakuwa anatania. Nikasimamisha gemu nikamwambia anitajie anachokiona kwenye TV. Akataja mti, watu wanaoshangilia, uzio. Vyote vya kulia. Kushoto kulikuwa na jengo zima jekundu, hakuligusa. Nikamshika kidevu taratibu nikamgeuza kichwa.

"Heh. Na hili limetoka wapi?"

Nikakimbilia jikoni, sahani yake ya mchana ilikuwa bado haijaoshwa. Upande mmoja mweupe kabisa, upande mwingine wali haujaguswa, kama umekatwa kwa kisu.

Nilipomweleza baba aliniuliza kama siku hizi gemu imesomea udaktari. Mama ndiye aliyetusikiliza, tukampeleka shangazi hospitali kwa dada wa mazoezi ya viungo. Yule dada akampima kwa karatasi na kalamu, akatuambia macho ni mazima kabisa, ubongo ndio unaosahau kwamba kushoto kupo. Inabidi ufundishwe kutafuta. Nikamwuliza kuhusu gemu, mbele ya mama makusudi. Akacheka, akasema chochote kinachomfanya atafute kushoto kinafaa, ila asichoke sana na asiache mazoezi ya mkono. Hayo maneno niliyabeba mpaka nyumbani kama cheti.

Tukaanza, kila alasiri baada ya kufunga duka. Nilibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa TV upande wa kushoto, na shangazi haruhusiwi kuanza mpaka autafute utepe kwa macho. Baba akipita anasonya. Siku moja akasema mtu mzima anatoka kuswali anakaa kwenye gemu kama mtoto wa chekechea.

"Na wewe unayebishana na refa kwenye TV," shangazi akamjibu bila kuacha kuendesha, "uko darasa la ngapi?"

Mama wa kanzu nilimweleza mwenyewe. Akasema basi atakuwa anapitia kulia. Nikamwambia hapana, mama, pita hukohuko kushoto, salimia, subiri.

Sitadanganya kwamba ilikuwa gemu peke yake. Mazoezi yalikuwepo, dawa zilikuwepo, na siku akichoka alikuwa anagonga ukuta uleule. Lakini wale wanaosema angefanya mazoezi ya sahani tu, ya kutafuta wali wa upande wa kushoto, wanisikilize. Sahani inakungoja. Ukiisahau nusu yake, inakaa tu. Gari halingoji, na shangazi hapendi kushindwa. Siku aliyopiga kelele kwamba kuna mshenzi anampita kushoto, nilitoka nje nikasimama uani nikalia. Alikuwa amemwona mtu wa kushoto na hakuna aliyemwambia.

Baba hakuambilika. Akaja dukani na yule mtu wake aione fremu. Wakatokea upande wa duka la kanzu. Baba akasimama pale, akanikazia macho nisiseme kitu, akatoa salamu kwa sauti ya chini. Shangazi alikuwa anamfunulia kitenge mteja upande wa kulia. Kimya. Mama wa kanzu naye akaacha kazi, anatazama. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli, nimebana mikono katikati ya magoti.

Kichwa cha shangazi kikaanza kugeuka. Taratibu mno. Kikapita mteja, kikapita rundo la vitenge, kikanipita mimi, kikaendelea.

"Waalaykum salaam. Sogea, umemzibia mteja mwanga."

Baba akasogea. Shangazi akaendelea kugeuka kidogo tena, mpaka akamfikia yule mtu aliyejificha nyuma ya baba.

"Na huyu mgeni wako anataka kitenge, au anataka fremu yangu?"

Baba alimtazama yule mtu, akamtazama dada yake. Halafu akasema, "Kitenge, dada."

Basi ikabidi yule bwana anunue. Alichukua doti moja ya kijani, na shangazi hakumpunguzia hata kidogo.