Uyoga wa Manjano wa Wamaza: Upo au Umekwisha?

Nilitoka Kasongo kwa sababu ya swali lililoonekana jepesi. Furaha, rafiki yangu niliyesoma naye, siku hizi anafanya kazi Kindu na watu wanaochunguza viumbe vya porini: vipi viko salama, vipi vinakaribia kutoweka. Alinipigia simu. "Aziza, ule uyoga wa manjano wa msitu wa kwenu Wamaza, ungali upo? Niambie tu: mwingi, kidogo, ao umekwisha." Mimi ni mwalimu wa biolojia, na uyoga huo nimeula tangu utotoni. Unaota chini ya miti mikubwa mvua zikikolea, rangi yake kama kiini cha yai. Nikamwahidi kwamba likizo ikifika nitakwenda kumtafutia jibu.

Barabara ya Kabambare ilikuwa tope tupu. Penye mashimo nilishuka, viatu mkononi, nikamsaidia dereva kusukuma pikipiki.

Kabambare, kabla ya kuendelea kijijini, nilikwenda moja kwa moja sokoni. Mama mmoja alikuwa na mafungu ya uyoga mkavu. "Iko mingi, mama! Inatoka Lusangi," akasema. Nilifurahi mno, hata nikataka kumpigia Furaha palepale. Kisha nikavunja kipande, nikanusa. Haukuwa wenyewe, ulikuwa ule unaoota kwenye vichuguu, ila watu wanauita kwa jina lilelile. Kijana mmoja, mchimba madini wa Lusangi, akadakia: "Ile ya miti kule kwetu haiko. Miti yote tulikata, ya kushikilia mashimo." Muuzaji akamkemea: "Muongo! Juzi tu nililetewa." Upi aliletewa? Hata yeye hakuwa na hakika. Nikaondoka nikijua kidogo kuliko nilivyokuja.

Wamaza nilipokewa na mama mdogo Mauwa, mdogo wake mama yangu, pamoja na mume wake, Baba Ramazani. Nikauliza habari za uyoga kabla hata ya kukaa vizuri.

"Ule? Ulisha malizika," mama mdogo akajibu haraka, akiendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Baba Ramazani akanisogezea kiti.

Asubuhi yake mama mdogo akaniita twende kuchota maji, lakini kichwani alikuwa na kikapu. Tulivuka kijito, tukapenya msitu mpaka chini ya miti mirefu iliyosongamana. Nikasimama nikishangaa. Ardhi yote ilikuwa ya manjano.

"Mama mdogo, jana ulisema umekwisha!"

"Bwana yangu alikuwa pale. Wandugu wake wanatafuta fasi ya kulima muhogo. Wakijua fasi hii, itakuwa ya kila mutu. Na wewe pia naogopa. Ukisema iko mingi, watakuja na mifuko. Ukisema iko kidogo, watatukatazia pori. Sasa utasema nini?"

Nikamweleza lile ninalolijua: tunachokichuma ni kama tunda tu; mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba udongoni, zimeshikana na mizizi ya miti hii. Miti ikikatwa, nao unakufa.

Akaacha kuchuma. "Basi kuficha fasi hakusaidie kitu, kama shoka inakuja?"

Mchana aliupika kwa mafuta ya mawese, akaupakua juu ya wali, akamweleza mumewe ulikotoka. Baba Ramazani akala mpaka akamaliza, akanawa mikono.

"Mama Mauwa, unafikiri ni juu ya nini shamba yetu inapinda pale karibu na kijito, inaacha ile miti? Nilijua tangu mwaka tulioana. Kila musimu unarudia na udongo mweusi kwenye magoti."

Mama mdogo alicheka na kukasirika kwa pamoja. "Na hukusema!"

"Na wewe ulisema?" Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini wandugu yangu hawatapindisha. Mimi nitawazuia siku ngapi?"

Mama mdogo akaanza kukusanya sahani.

Niliporudi Kasongo nikampigia Furaha, nikamsimulia yote. "Aziza, nilikuuliza neno moja."

"Sina. Pale nilipokanyaga ni mwingi, lakini ni chini ya miti ile tu. Kwingine sijui kama umekufa ao umejificha udongoni, ao watu wanauficha. Hata jina lake linanichanganya."

"Basi tutaweka: haijulikani," akasema. "Nayo ni jibu, viumbe vingi tunaviweka hapo."

Niliona haya, mwalimu mzima kurudi na 'haijulikani'. Lakini ndilo nililojifunza: wingi wa kitu mbele ya macho si usalama wake, na kutokiona si kifo chake.

"Sasa nipe pahali penyewe," Furaha akaendelea, "kijito gani, upande gani. Tupaweke kwenye ramani, tupate kupalinda."

Kupalinda, ao kuwaonyesha njia wenye mifuko? Sikujua, na mpaka leo sijui.

"Ngoja," nikamwambia. "Nitamwuliza kwanza mama mdogo."