Ngwe ya Bi. Mwanahawa

Jambo lote liligharimu kitanda kimoja cha kamba, jogoo mmoja na mate yangu ya asubuhi nzima. Nimehesabu mara mbili, hakuna kilichozidi.

Nilianza udresa miaka ya hamsini, katika zahanati ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Dresa alifunga vidonda, akagawa vidonge na kumsikiliza mgonjwa mpaka Bwana Daktari afike, naye alikuja mara moja kwa juma. Siku yangu ya kwanza, kabla sijajua mkasi unakaa wapi, aliingia nyapara wa uwanja wa kuanikia, amemtanguliza Bi. Mwanahawa, Mdigo wa Maramba, mwanikaji wa singa, zile nyuzi za mkonge.

"Dresa, niandikie huyu haumwi," alisema. "Leo anamaliza ngwe kabla ya wasichana wote, kesho haonekani. Mgonjwa gani anawashinda wazima?"

Ngwe ni kipimo cha kazi ya siku: ukimaliza, unakwenda zako. Aliyezidi kukosa alipoteza kazi, na chumba cha kambini pamoja nayo. Bi. Mwanahawa hakuwa na chumba kingine.

"Shikamoo, bibi. Unaumwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Magoti. Lakini hayo nimeyazoea. Kinachoniua ni uchovu. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Bwana Daktari alipofika aliyakunja magoti yale, yakalia kama bawaba kavu. Akanieleza kuwa gegedu, ule mto ulio kati ya mfupa na mfupa, limelika. "Halitarudi," alisema. "Ila uchovu una sababu zake, na hizo tunaweza kuzipunguza. Muulize analalaje, anafanyaje kazi, na moyo wake ukoje."

Nikauliza. Alilala chini kwenye mkeka, kila akigeuka maumivu yanamwamsha. Asubuhi aliikimbiza ngwe kwa pumzi moja, "wasije wakaniita kizee." Kesho yake alijilaza kutwa, miguu ikazidi kulegea. Na huko kuitwa mvivu kulimwondolea hata hamu ya kula.

Kitanda tulikipata. Ikabaki ngwe. Nikamwendea nyapara, nikaomba bibi apewe kazi ya kukaa mwezi mzima.

"Una wazimu."

"Basi nusu ngwe."

"Nusu ngwe, nusu mshahara."

"Basi ngwe nzima, ila aigawe. Aanike kidogo asubuhi, apumzike, alasiri aanue. Saa hizo huna mtu, wote wamekwenda zao."

Hicho ndicho nilichokitaka tangu mwanzo, lakini hakuna anayeanza na bei yake ya mwisho. Nyapara alijikuna shingo. "Aanze kesho."

Mgumu zaidi alikuwa bibi. "Nikae kitako wasichana wakinitazama?"

"Kaa, uwasimulie. Watakutazama vizuri zaidi."

Haikupita muda wasichana wakawa wanabaki kumsikiliza, kicheko kikivuka nyaya zote za kuanikia. Magoti yaliendelea kuuma, ila siku za kukosa zikapungua, kisha zikawa adimu. Tulichinja jogoo kusherehekea. Nyapara alikula mapaja yote mawili akisema shauri lilikuwa lake. Chumba Bi. Mwanahawa alikikabidhi mwenyewe, siku aliyotaka kurudi Maramba.

Sasa nimestaafu, na gegedu langu nalo limelika. Kila asubuhi nalima michungwa yangu kwa pumzi moja, kesho yake sinyanyuki. Nyapara nilimweza kwa maneno. Huyu mkaidi wa sasa anazijua mbinu zangu zote. Wewe unayesoma, nishauri: nianze na bei gani?