Picha zangu "ziliungua" miaka miwili kwa Papa Studio, Bukavu ya enzi za Zaïre

Wakuu, hamujambo humu ndani?

Mimi ni koko sasa (ndivyo tunaita nyanya kwetu Bukavu), na mujukuu ndiye alinifungulia akaunti. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Anayetafuta chai, yaani hadithi za kutunga, uzi huu umupite.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Nilikuwa mwalimu wa shule ya primaire kule Kadutu.

Tonton wangu, ndugu ya baba, akahamia Kinshasa, akaniachia apareyi yake ya kupiga picha. Ilikuwa na mufuko wa ngozi ambao kifuniko chake kinaning'inia mbele ukiufungua. Kumbukeni hicho kifuniko.

Mwalimu sikuwa naye. Nilijifunza kwa kukosea. Nilipiga watu wakiwa wamegeuzia jua mugongo, wakatoka weusi kama sufuria. Siku moja nilisahau kusogeza filimu, mukristo mwenzetu akatokea amepandwa na mbuzi kichwani. Alininunia mwezi muzima.

Halafu kila picha yangu ilikuwa na kivuli cheusi kwenye pembe ya chini. Ni kile kifuniko kilikuwa kinaziba lenzi, na mimi sikioni. Nilichelewa sana kugundua.

Kusafisha filimu nilipeleka kwa Papa Studio. Jina lake la ubatizo lilikuwa limekatazwa na serikali kama yetu sote, na la kikwetu hakulipenda, basi mutaa muzima ulimwita hivyo.

Alikuwa na abacost moja, lile koti la bila tai lililotakiwa na serikali, imetundikwa kwenye musumari. Kila mwanaume wa picha ya kitambulisho alivalishwa ileile. Mwembamba anafungwa pini kwa nyuma, munene anaachwa wazi mugongoni. Na marufuku kucheka. Kwake ukicheka umeharibu picha.

Nilimuomba anifundishe kazi ya chumba cha giza anamosafishia filimu. Akasema si mahali pa mwanamke.

Filimu ya picha kumi na mbili, ananirudishia sita, saba. "Zingine ziliungua, maman." Vipande vyenyewe anasema ametupa. Na kweli filimu ikiingiwa na mwangaza inaungua, basi nikaamini. Nikajiona mukosefu.

Siku moja nikaenda kijijini Nyantende kumupiga koko yangu mwenyewe, mama ya mama. Alisimama mukavu, amekaza uso kama alivyoona kwa wengine. Nikarudi nyuma nyuma ili aingie muzima, nikaanguka chali ndani ya maharagi yake. Koko akacheka mupaka kitambaa kikamuanguka kichwani. Nikapiga nikiwa nimelala palepale chini.

Nilisubiri picha ile kuliko zote.

Papa Studio akatikisa kichwa. Imeungua. Akaniongezea eti mikono yangu si ya kazi hii.

Nililia, siwafichi. Nikafungia apareyi ndani ya sanduku, nikaandikia tonton atume mutu aichukue.

Kabla mutu hajafika, koko akafariki.

Tunafika kwenye kilio, naona juu ya jeneza kuna picha kubwa, ndani ya kadre ya mbao na kioo. Koko anacheka, kitambaa kinaanguka. Pembe ya chini, kivuli cheusi.

Mujomba wangu alikuwa ameiona kwenye kioo cha studio, akainunua bila kujua ni mimi niliipiga. Watu wote wanamushukuru Papa Studio. Mama mumoja akasema, "Yule papa iko na mukono. Aliweza kumuchekesha." Nikageuza kadre. Nyuma kuna cachet yake, muhuri wa studio.

Wakuu, hasira ile! Nilimuzika koko nimeuma meno.

Jumatatu nikaingia studio na kadre kwapani, apareyi begani. Kulikuwa muteja amekwisha kuvaa abacost ya musumari. Papa Studio, bila kutetemeka, akaniita "mwananchi" kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka.

"Citoyenne, cachet iko ya nani hapo nyuma?"

Sikubishana juu ya cachet. Nikamuuliza:

"Huyu muzee alikuwa anacheka nini?"

Akaanza kupangusa meza.

"Sema, Papa. Ulikuwa mbele yake. Alikuwa anacheka nini?"

Nikaweka apareyi yangu juu ya meza, nikafungua mufuko, kifuniko kikaanguka mbele ya lenzi. Nikaweka kidole juu ya kivuli kwenye picha. Muteja akaangalia kimoja, akaangalia kingine. Akavua abacost, akairudisha kwenye musumari, akatoka.

Ndipo Papa Studio akaenda nyuma, akaleta kopo la biskuti. Filimu zangu zote za miaka miwili alizosema ametupa, zimekatwa vizuri, zimefungwa kwa karatasi. Hakuna hata moja iliyoungua.

Nikakaa nazo dirishani nyumbani, moja moja kwenye mwanga. Watoto wa shule, wamama wa soko, padri kwenye baiskeli. Mola wangu, zilikuwa nzuri!

Tonton nikamwandikia aniachie apareyi. Nilikuja kufungua chumba changu cha giza, na picha za ndoa za Bukavu nimepiga mupaka magoti yamekataa. Kwangu watu walicheka.

Fundisho: ukimupa mutu kazi yako, dai kila kipande, hata kilichoharibika. Ukiambiwa imeungua, omba uone majivu.

Lakini kinachonichoma si wizi. Yule mutu alichagua nzuri akabaki nazo, mbaya akanirudishia. Miaka miwili nilijipima kwa zile tu ambazo mwizi alizikataa.

Na ninyi wakuu, nani aliwahi kuwaambia kazi yenu imeungua? Andikeni hapa chini, mujukuu atanisomea.